Zebaki na sumu nyingine kwenye vinamasi na samaki wa Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanatoka kwa watu wa huku huku kwetu, akina mama wanaouza samaki Kirumba Mwaloni (soko letu la samaki hapa Mwanza), wajawazito, vijana waliowahi kupiga kazi machimboni Geita, na wazazi ambao watoto wao wanakula samaki karibu kila siku. Nimejibu kwa ninavyoelewa na kwa lugha ya kawaida. Sehemu za kinamasi na jinsi sumu inavyopanda ni ndefu kidogo ila zisomeni, maana ukizielewa hizo mengine yote yanakuja yenyewe.

Hivi ni kweli samaki wa ziwa hili wana sumu au watu wanatutisha tu?

Zebaki (wengi tunaita mekyuri) ipo kwenye samaki wa Ziwa Victoria kama ilivyo kwenye samaki wa karibu kila ziwa na bahari duniani, swali ni kiasi gani. Kiwango kinachotumika sana kimataifa kwa samaki wengi ni miligramu 0.5 kwa kilo moja ya mnofu. Vipimo vilivyofanyika huku kwetu tangu miaka ya 1990 vimekuta sato, dagaa, furu na sangara wa kawaida wako chini ya hapo, wengi chini sana tu. Wanaosogea juu ni sangara wakubwa, na wapo waliovuka 0.2, ambayo ni kiwango cha tahadhari kwa wajawazito na watu wanaokula samaki mfululizo. Na kambale waliovuliwa kwenye madimbwi na vijito vya karibu na machimbo ya dhahabu wamekutwa na kiasi kikubwa kuliko samaki wa ziwani.

Kwa hiyo usiache samaki, mimi mwenyewe nakula. Ila jua samaki gani, wa ukubwa gani, katoka wapi.

Hiyo zebaki inatoka wapi?

Kubwa linalotuhusu sisi ni dhahabu. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha anapitisha mchanga, anaweka zebaki, zebaki inakamatisha dhahabu, halafu kile kidonge anakichoma moto zebaki ipae ibaki dhahabu. Rwamagasa, Nyarugusu na machimbo mengine mengi ya kanda hii kazi imefanyika hivyo miaka na miaka. Zebaki nyingine inaondoka na maji ya kuoshea, inabaki kwenye marudio (ule mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa), mvua ikija inashuka nayo mtoni. Ile inayopaa haijapotea, inakwenda na upepo inarudi chini na mvua na vumbi, na kumbuka kama asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito yote kuanzia Kagera, Mara, Simiyu inachangia hiyo iliyobaki.

Tuwe wakweli pia, si yote ni ya wachimbaji. Udongo wenyewe una zebaki ya asili, misitu na vichaka vikichomwa inapaa, mashamba ya kwenye miteremko yakimomonyoka inaingia ziwani na lile tope jekundu unaloliona mvua ikinyesha.

Tumefundishwa kwamba kinamasi kinasafisha maji. Sasa mbona mnasema sumu inaanzia hapo?

Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Mafunjo na matete yanapunguza kasi ya maji. Maji yakitulia tope linazama, na metali nyingi husafiri zimeng'ang'ania kwenye chembe za tope, kwa hiyo zinazama nalo. Ukienda kwenye kinamasi cha mto Mara kabla haujaingia ziwani, au mafunjo ya mdomoni mwa Simiyu, kazi hiyo inafanyika bila malipo usiku na mchana, risasi na kadimiamu na sehemu kubwa ya zebaki inabaki pale badala ya kumwagika ziwani. Hilo ni jambo jema mno na ndiyo maana naumia nikiona mafunjo yanafyekwa na kuchomwa watu walime bamia miezi mitatu.

Sasa chini ya mafunjo kuna tope jeusi lenye harufu ya yai viza, hewa ya oksijeni hakuna kabisa, mabaki ya mimea ni mengi. Humo wanaishi bakteria wanaopumua bila oksijeni, wengine wanatumia salfeti, wengine wanatumia chuma (na udongo wetu una chuma cha kutosha), wengine ndio wale wanaotengeneza gesi ya methane. Baadhi yao wanaichukua zebaki ya kawaida na kuigeuza kuwa zebaki ya methili. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza jeni mbili zinazofanya kazi hiyo, bakteria asiye nazo hawezi kuigeuza. Na hii zebaki ya methili ndiyo yenye shida. Zebaki ya kawaida mtu akiimeza sehemu kubwa inatoka na choo, ila ya methili inapita utumbo karibu yote, inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo, inavuka kondo la nyuma inamfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo kinamasi kinatupunguzia wingi wa sumu inayofika ziwani, na wakati huohuo kidogo kilichobaki kinageuzwa kuwa aina mbaya zaidi. Dawa yake haiwi kufyeka kinamasi. Ukikikausha, lile tope linapata hewa na metali zilizolala miaka zinaachia, mvua ya kwanza inazisomba zote ziwani, halafu kile kitendo cha kukauka na kulowa, kukauka na kulowa, kinawapa wale bakteria nguvu zaidi. Dawa ni zebaki isifike pale.

Sasa kutoka kwenye tope inafikaje kwa samaki?

Majini yenyewe ni kidogo sana, unaweza kupima maji ukakuta karibu hakuna. Lakini mwani wa kuelea unainyonya, na ndani ya chembe moja ya mwani inakuwa makumi ya maelfu ya mara kuliko kwenye maji ya pembeni yake. Hiyo hatua ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote. Kisha vijidudu vya majini vinakula mwani, dagaa na furu wanakula vijidudu, sangara anakula dagaa na furu, na kila anayekula anabaki na zebaki ya aliowala kwa sababu inaingia mwilini haraka na inatoka polepole mno. Ni kama mchango wa harusi, kila mmoja katoa kidogo hata hajaona, ila zote zimeishia mfukoni mwa mmoja. Mpaka inafika kwa samaki mkubwa anayewinda wenzake, mnofu wake unaweza kuwa na zebaki ya methili mpaka mara milioni kuliko maji anayoogelea.

Wakitaka kujua samaki yuko hatua ya ngapi, wanapima naitrojeni nzito kwenye mnofu wake, yaani ile aina ya naitrojeni yenye uzito kidogo kuliko ya kawaida. Kila hatua ya kuliwa inaongeza naitrojeni nzito kwa kiasi karibu kilekile, kwa hiyo mnofu wenyewe unasema huyu alikuwa akila mwani au alikuwa akila wenzake, halafu wanalinganisha na zebaki. Kwenye maziwa mengi walikofanya hivyo, naitrojeni nzito ikipanda zebaki nayo inapanda.

Kuna kitu cha kuangalia pia kwa sangara. Akiwa mdogo anakula uduvi na vijidudu, akikua anahamia kwenye samaki. Kwa hiyo sangara mdogo na sangara mkubwa, japo jina ni moja, wanakula meza tofauti kabisa, na ndiyo maana kiasi cha zebaki kwenye mwili wao hakifanani.

Kwanini basi ziwa letu halijawa kama Minamata?

Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini kuanzia 1932 mpaka 1968, na sehemu yake ilikuwa tayari imeshakuwa ya methili ikitoka kwenye bomba. Paka waliokula samaki walianza kutetemeka na kuzunguka na kufa kabla watu hawajaelewa, ugonjwa kwa watu ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Wapo akina mama ambao wao wenyewe walikuwa na dalili ndogo tu lakini watoto wakazaliwa na ulemavu mkubwa. Kiasi kile na hiki chetu ni vitu viwili tofauti.

Halafu kuna sababu za hapa hapa. Ziwa letu lina rutuba nyingi (kupita kiasi kwa kweli, ule ukijani unaouona Mwanza Gulf ni mbolea na maji taka), mwani ni mwingi mno kwa hiyo kila chembe inapata zebaki kidogo. Na samaki wa huku wanakua haraka, maji ni ya joto mwaka mzima, sangara anaongeza nyama kwa kasi kuliko anavyoongeza zebaki. Samaki wa maziwa ya baridi ya Kanada au Sweden anaweza kuchukua miaka mingi kufika ukubwa ambao sangara anaufikia mapema sana.

Ila hiyo nafuu isituleweshe. Siku tukifanikiwa kupunguza maji taka na ukijani ukapungua, jambo tunalolitaka wote, na zebaki ikawa bado inaingia vilevile, kiasi kwenye samaki kinaweza kupanda. Ndiyo maana hivi viwili vinatakiwa kushughulikiwa pamoja.

Na risasi, kadimiamu, aseniki? Nazo zinapanda hivyohivyo?

Hapana, na ni muhimu kutofautisha. Hizo zinakusanyika kwenye viumbe lakini kadri unavyopanda kwa mlaji wa juu kiasi kinapungua. Utazikuta zaidi chini, kwenye mizizi ya mimea, kwenye tope, konokono na kome, na ndani ya samaki zinapenda mifupa na matamvua, yale mashavu ya kupumulia (risasi) au ini na figo (kadimiamu) kuliko mnofu. Aseniki ipo kwenye miamba ya dhahabu ya kanda yetu, mawe yakisagwa inatoka, lakini iliyo kwenye mnofu wa samaki nyingi ni aina isiyo na madhara makubwa. Kwenye aseniki mimi ningeangalia zaidi maji ya visima vya karibu na machimbo na mpunga unaolimwa kwenye majaruba yanayopokea maji ya huko.

Risasi inaingia ziwani kwa betri chakavu, rangi, gereji, na zile risasi za kuzamishia nyavu ambazo watu wanayeyusha wenyewe nyumbani. Tafadhali msiyeyushe risasi jikoni kwenye watoto. Huo moshi unamdhuru mtoto kuliko samaki yeyote wa ziwa hili.

Kukaanga sana au kubanika si kunaondoa?

Hakuondoi. Zebaki ya methili imeshikana na protini ya mnofu wenyewe, haiko kwenye mafuta, kwa hiyo kukata mafuta, kuchemsha ukamwaga maji, ndimu, chumvi, moshi, havisaidii. Maji yakikauka kwenye samaki ndiyo kwanza kiasi kwa kilo kinaonekana kimeongezeka, japo ni kilekile.

Dagaa tunakula wazima na utumbo na mifupa, wako salama?

Kwa zebaki dagaa ni wa kuchagua kabisa, ni mdogo, haishi muda mrefu, anakula vijidudu vya kuelea. Mtu akipima dagaa mkavu asishtuke namba ikiwa kubwa kuliko ya dagaa mbichi, maji yametoka, ni uzito umepungua. Angalia kiasi unachokula kwenye sahani. Shida ya dagaa ni pale wanapoanikwa, mchangani kando ya barabara au gereji wanabeba vumbi na vumbi la hivyo lina risasi. Wa kwenye chanja ni bora, na uwaoshe vizuri kabla ya kupika.

Mapanki (mifupa inayobaki samaki akishatolewa minofu), kichwa na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) je?

Zebaki iko kwenye mnofu, kwa hiyo mapanki hayana zebaki nyingi kuliko minofu iliyosafirishwa Ulaya, usisikilize wanaosema sumu yote tumeachiwa sisi. Ila usitafune matamvua na mifupa ya samaki aliyevuliwa karibu na machimbo au mdomoni mwa mto Mirongo unaopita hapa mjini Mwanza, na ini na utumbo wa samaki wa hapo tupa. Mabondo wengi hatuli, yanauzwa.

Mke wangu ni mjamzito, aache samaki?

Asiache hata kidogo. Mtoto anahitaji yale mafuta na protini ya samaki ili ubongo ujengeke, na mama asiyekula samaki kabisa anaweza kumnyima mtoto kitu kikubwa kuliko hiyo zebaki kidogo ingemletea. Mpikie sato, dagaa, furu, sangara wadogo. Lile sangara kubwa la kukatwa vipande liwe mara moja moja tu, na kambale au kamongo wa madimbwi ya machimboni asile kabisa mpaka amalize kunyonyesha. Kingine, kama anakaa au anafanya kazi sehemu inayochomwa zebaki, hapo ndipo hatari kubwa ilipo, ule mvuke anaouvuta unaingia moja kwa moja kwenye damu. Ahame hapo kwanza, mengine baadaye.

Mnaweza kutupa hesabu, ni kiasi gani kwa wiki?

Kiwango cha wataalamu wa WHO na FAO kwa zebaki ya methili ni maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, na kimewekwa kwa kumfikiria mtoto aliye tumboni. Mtu wa kilo 60 basi ni maikrogramu 96 kwa wiki. Samaki mwenye miligramu 0.1 kwa kilo (yaani maikrogramu 100) unaweza kula karibu kilo nzima ya mnofu kwa wiki. Mwenye 0.5 unaishia gramu 190 hivi, yaani mlo mmoja wa kushiba. Mtoto wa kilo 15 ni robo ya hapo. Kwa familia ya mwaloni inayokula samaki mchana na usiku kilo moja kwa wiki ni ndogo, ndiyo maana narudia kusema aina na ukubwa wa samaki, kwa sababu kupunguza samaki wakati hakuna kitoweo kingine ni ushauri usiotekelezeka.

Nikishakuwa nayo mwilini haitoki tena?

Inatoka, polepole. Nusu yake inaondoka kwa takriban siku 50 kwa mtu mzima, kwa hiyo ukibadili unachokula miezi kadhaa inashuka kweli. Kupima wanatumia damu, au nywele, nywele inakua karibu sentimita 1 kwa mwezi kwa hiyo inaonyesha mpaka miezi iliyopita.

Na dada zangu hili mnisikilize vizuri. Watafiti waliopima nywele za watu wa kanda hii miaka ya 1990 walikuta baadhi ya wenye zebaki nyingi mno hawakuipata kwa samaki, waliipata kwenye sabuni za kujichubua. Bidhaa hizo bado zinapita mipakani. Mama anajipaka, anamshika mtoto, taulo ni moja. Zebaki ya kwenye sabuni inaharibu figo. Acheni.

Ndege na wanyama wa kinamasi wanaathirika?

Walio juu kama sisi ndiyo: furukombe, mnandi, fisi maji. Ndege wana njia ya kuitoa, inaingia kwenye manyoya na manyoya yanadondoka, lakini jike anaitoa pia kwenye mayai. Halafu kuna yale mawingu ya vijidudu yanayoinuka ziwani na kufunika taa za nyumba, wale walikuwa wadogo kwenye tope kabla ya kuruka, wanabeba kidogo kidogo mpaka nchi kavu kwa buibui, mijusi na mbayuwayu. Kwa hiyo sumu ya tope haibaki majini tu.

Magugu maji yananyonya metali, si tuyatoe tufanye mbolea?

Yanazinyonya kweli, hasa kwenye mizizi. Kuyatoa ni vizuri. Ila yaliyotolewa karibu na bomba la maji taka, bandarini au mdomoni mwa mto wa machimboni usiyape ng'ombe wala usiyaweke kwenye mchicha. Na yakiachwa yaoze majini yanamaliza oksijeni chini, yaani yanawaandalia wale bakteria mazingira wanayoyataka.

Maji ya ziwa tukichemsha?

Kuchemsha kunaua vijidudu vya magonjwa, metali haziondoki. Lakini kwa zebaki maji ya kunywa ni njia ndogo sana ukilinganisha na samaki. Yaache yatulie tope lizame, uchukue ya juu, ndipo uchemshe.

Ziwa likipanda na kufunika mashamba kama 2020, kuna shida?

Ipo. Ardhi kavu ikifunikwa na maji ghafla mimea na udongo vinaoza, oksijeni inaisha, na zebaki ya methili inaongezeka kwa miaka kadhaa, limeonekana kwenye mabwawa mengi duniani. Samaki wa kuvuliwa kwenye mashamba yaliyofunikwa, hasa kambale wakubwa, msiwafanye chakula cha kila siku cha watoto.

Serikali imefanya nini?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Mkataba unazitaka nchi zikomeshe vitu vinne vibaya kuliko vyote: kuweka zebaki kwenye mchanga wote bila kuuchuja kwanza, kuchoma hadharani, kuchomea kwenye makazi, na kupeleka marudio yenye zebaki kwenye sayanaidi (kemikali ya kuyeyushia dhahabu) bila kuitoa kwanza. Hilo la mwisho halizungumzwi vya kutosha, sayanaidi inaiyeyusha zebaki ikawa rahisi kusafiri na maji, na marudio ya zamani yananunuliwa kila siku kwa kazi hiyo. Upande wa samaki, maabara ya uvuvi Nyegezi inapima samaki wa kusafirishwa nje, hasa baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia samaki wetu mwaka 1999 kwa sababu ya watu kuvua kwa viuatilifu. Natamani samaki wa Mwaloni anayeliwa na mtoto wa Igoma hapa Mwanza apimwe kwa bidii ileile.

Nachimba, siwezi kuacha zebaki leo. Nifanye nini?

Tumia retoti, hata ya kujitengenezea kwa bomba la chuma, unafungia kidonge ndani, mvuke unapita kwenye bomba linalopozwa kwa maji ya baridi, zebaki inarudi kuwa kimiminika unaitumia tena na hela yako inabaki. Chomea mbali na nyumba, mbali na mama lishe, na upepo usiwe unavuma kutoka kwako kwenda kwa watu. Shimo la kuoshea liwe na sakafu ya udongo wa mfinyanzi au turubai na lisiwe kwenye mkondo wa maji. Pitisha mchanga kwenye mwalo wa kuchenjulia (ule mteremko wa kuoshea mchanga) kwanza, zebaki uweke kwenye ule mzito kidogo uliobaki tu. Na nguo za kazini usiende nazo nyumbani, fulia kule kule kwenye beseni la peke yake, maji yake umwage kwenye shimo la marudio.

Nikiona mtu anaoshea dhahabu mtoni au anachoma karibu na mwalo wa samaki?

Anza na mwenyekiti wa mtaa au kijiji na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi) ya mwalo wenu, maana hao ndio wanaofika siku hiyohiyo. Kisha afisa mazingira wa halmashauri, kwa maandishi, mkiwa zaidi ya mmoja, mkitaja mahali na saa na mkiwa na picha ya eneo. Ikikaa kimya pelekeni nakala NEMC (baraza la taifa la mazingira) ofisi ya kanda hapa Mwanza na kwa afisa madini. Wakati mnasubiri, wavuvi wahamishe makokoro na mitego ya kambale kutoka kwenye kijito hicho, na watoto wasioge hapo.